Mashine yangu ilichonga O yenye masikio, na jiwe la kina mama wa mtaro lilikuwa moja tu

Wakuu, hamjambo humu.

Nianze na swali ambalo siku ile lilinishinda, ingawa digrii yangu ilikuwa imetundikwa ukutani kwa mama, juu ya televisheni, mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa.

Inakuwaje mashine iliyokubali juzi inaamka leo imekosea upande wa pili, na hakuna aliyegusa hata namba moja kwenye kompyuta yake?

Someni vizuri. Sijasema ilirudia kosa la zamani. Kosa la zamani lilikuwa linatokeza nje. Hili jipya liliingia ndani.

Nitasimulia mambo yalivyokwenda, bila kujipaka poda. Penye kuchekwa nilichekwa, na sitapunguza.

Mimi ni wa Embu. Nilisomea mechatronics, yaani umeme, kompyuta na vyuma vikilazimishwa kuishi nyumba moja. Nyumbani najulikana kwa jambo moja tu: maswali. Nilipokuwa mdogo, mwalimu wa Sunday school alimwomba mama anihamishie darasa la wakubwa ili nao wapate sehemu yao ya taabu.

Baada ya chuo nilipata kazi kwa Mzee Njeru, mwenye karakana ya mawe hapa mjini. Anachonga mawe ya makaburi, mawe ya msingi ya makanisa, vibao vya shule. Alikuwa amenunua mashine kuukuu ya kuchonga, chuma kizito sana, kutoka kwa karakana iliyofungwa. Mimi nikaivua mota za zamani nikaiwekea servo mpya, yaani mota zinazopima mwendo wake zenyewe, na kompyuta.

Mashine yenyewe haina reli za kisasa zenye vigololi ndani. Ni chuma kinachoteleza juu ya chuma, na mafuta katikati. Hilo likumbukeni, ndilo lililonitoa jasho.

Siku moja akaingia mama mmoja anaitwa Muthoni, mwenyekiti wa kikundi cha kina mama kutoka juu huko, karibu na msitu wa mlima. Alikuwa amemshika mkono mama yake, Cucu Rwamba; cucu kwetu ni bibi. Cucu macho yake yana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya mwanga na vivuli. Mdomo ndio hauna tatizo lolote.

"Injinia wa mashine ni nani hapa?" akauliza.

Mzee Njeru akamwambia ni huyu msichana, anaitwa Wawira.

"Huyu? Sauti ni ya mtoto wa shule."

"Nimemaliza shule, cucu," nikasema.

"Umemaliza yote? Wengine hukuwaachia hata kidogo?"

Hapo nikajua kazi itakuwa ndefu.

Kwa wale wa mbali, niwaeleze. Wakati wa Hali ya Hatari, ambayo wazee wetu huiita tu Emergency, serikali ya mkoloni ilihamisha watu wa huku ikawabana kwenye vijiji vyenye ua na walinzi. Halafu wanawake wakalazimishwa kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu, wakasimika ndani yake vijiti vilivyochongoka, ili wapiganaji wa uhuru wasitoke msituni kutafuta chakula na wanawake wenyewe wasiwapelekee. Wanaume wengi walikuwa kizuizini au msituni. Kwa hivyo mtaro ule ni wa kina mama.

Wengine walifia hapohapo. Kikundi cha Muthoni kilitaka jiwe lenye majina yao, na juu yake maneno WALIOCHIMBA MTARO.

Cucu Rwamba ndiye pekee aliyebaki kati ya waliochimba upande ule. Yeye alikuwa na jina moja alilolishikilia: Igoki.

Muthoni alinieleza kando, mama yake akibishana na Mzee Njeru kuhusu rangi ya jiwe asiyoweza kuiona. Kwetu jina la mtu huendelea kwa wajukuu. Igoki alikufa kijana, hakuacha mtoto. Hakuna msichana anayeitwa kwa ajili yake. Hakuna kaburi linalojulikana. Jina lile lilikuwa limebaki kinywani mwa Cucu, na Cucu umri umekwenda.

"Atalisoma kwa kidole," Muthoni akaniambia. "Kwa hivyo usiniletee mambo ya karibu-karibu."

Jiwe lilikuwa bamba moja jeusi, kikundi kilikuwa kimelichangia kwa muda mrefu. La akiba hakuna. Na jiwe si karatasi, wakuu. Ukishachonga umechonga.

Basi nikaanza na vipande vya majaribio. Nikachonga IGOKI kwenye kipande kilichovunjika, nikampa Cucu. Akapitisha kidole. I sawa. G akapita. O akasimama, akarudi, akazunguka tena.

"Hii ina masikio."

"Masikio?"

"Manne. Mbuzi ana mawili."

Muthoni akamwambia, "Mama, mwache mtoto wa watu."

"Sijamshika. Nimeshika masikio."

Nikaangalia kwa lenzi. Alikuwa amesema kweli. Juu, chini, kulia na kushoto, pande nne za duara, kulikuwa na kivimbe kidogo. Kwa jicho la kawaida usingekiona. Kwa kidole kilikuwepo.

Sasa hili ni jambo la kawaida kwenye mashine, na kila mtu wa servo humu analijua. Duara huchongwa na mihimili miwili, mmoja wa kulia na kushoto, mwingine wa mbele na nyuma. Kwenye zile pande nne, mhimili mmoja unalazimika kusimama na kurudi ulikotoka. Kusimama ndiko kwenye shida.

Fikiria gunia la mahindi juu ya sakafu ya simiti. Unasukuma, halitoki. Unaongeza, halitoki. Unaongeza tena, linaruka ghafla na wewe unaanguka nalo. Likishaanza kwenda ni jepesi. Kuling'oa ndiko kugumu.

Mhimili nao ukisimama unagandwa na msuguano. Mwenzake anaendelea na safari, huyu bado amekwama, halafu anaruka kumfuata. Kale kamuda ka kukwama ndiko kanakobaki kwenye jiwe kama sikio.

Dawa yake ni friction compensation, tuiite fidia ya msuguano. Unaiambia kompyuta: mhimili ukifika pa kugeuka, usingoje ukwame. Ipe mota msukumo mdogo wa ziada mapema. Ukiwa mdogo mno, masikio yanabaki. Ukizidi, mhimili unatangulia, na mahali pa sikio panakuwa na pengo. Kwa hivyo unajaribu, unapima, unajaribu tena.

Nilijaribu hadi vipande vikaniishia. Jumatano alasiri O ikatoka safi. Muthoni akakibeba kipande nyumbani, na jioni akanipigia.

"Mama anasema masikio yamekatwa. Anauliza kama mbuzi alipona."

Nikafurahi kama mjinga.

Alhamisi nikaenda Nkubu, upande wa Meru, kuchukua kikatio kipya cha almasi kwa fundi mmoja wa mawe. Kuzindua jiwe kulikuwa Jumapili. Mpango wangu ulikuwa nichonge Ijumaa, Jumamosi lisafishwe na kupakiwa kwenye pickup. Sikuwa na wasiwasi wowote, na mtu kama mimi akikosa wasiwasi afaa kupimwa.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuligusa jiwe, nikachonga O moja ya majaribio. Hii ni tabia yangu, siiamini jana.

O ikatoka imeng'atwa mahali pane, kama mkate ulioachwa na panya.

Nikarudi kwenye kompyuta. Namba zote zilikuwa zilezile za Jumatano. Nikashuku kikatio kipya, nikarudisha cha zamani. Bado imeng'atwa. Nikashuku umeme, nikapima. Nikashuku baridi, maana asubuhi za Embu zinajulikana. Nikawasha hita ya Mzee Njeru nikaielekeza kwenye mashine, yeye akabaki anatetemeka kwenye koti lake.

"Sasa mashine ndiyo mgonjwa, mimi ndiye mwenye afya?" akauliza.

"Mzee, kuna mtu aliigusa mashine jana?"

"Hakuna aliyegusa kompyuta."

Wakuu, mimi ninayehoji hata maombi ya chakula niliipitisha hiyo sentensi. Niliuliza mashine, akajibu kompyuta, nami nikaendelea kufungua nyaya.

Nilifungua kila kitu kinachofunguka. Saa za asubuhi zikaisha. Bamba jeusi limelala pale limefunikwa gunia, mimi nimekaa sakafuni nikianza kuishuku hesabu yenyewe. Nilikuwa karibu kumpigia Muthoni nimwambie Jumapili haitawezekana.

Nikaegemea reli ili niinuke. Mkono ukateleza.

Nikanusa vidole. Wakuu, ile haikuwa harufu ya mafuta ya mashine. Ilikuwa harufu ya nyumba ya cucu yangu mwenyewe, ya ngozi iliyopakwa, ya mtoto aliyetoka kuoga. Mafuta ya mbarika.

"Mzee, jana walikuja kina nani?"

"Watu huja. Hapa ni mahali pa biashara."

"Watu wa mafuta ya mbarika?"

Mzee Njeru akaangalia juu kama anayekagua misumari ya mabati.

"Walikuja kuomba tu."

"Kuomba na kupaka?"

"Kidogo."

"Kidogo wapi?"

"Pale panapong'aa."

Panapong'aa ndizo reli zenyewe. Mwanga wa mlangoni hupiga pale, na bila shaka ndipo Cucu Rwamba, asiyeona zaidi ya mwanga, alipoona pa kupaka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe? Padri alipokuja kubariki hapa ulimwuliza maji yake yanapimwa maabara gani. Nikasema hili la mafuta acha lipite."

Nikachukua kitambaa nikafuta vidole.

Basi fumbo likafunguka. Mbarika inashika chuma vizuri kuliko mafuta ya bei nafuu tuliyokuwa tunatumia. Chuma kikiwa nayo hakigandi sana pa kuanzia. Lile gunia la mahindi lilikuwa limekuwa jepesi tangu jana, na kompyuta yangu bado ilikuwa inalisukuma kwa nguvu za Jumatano. Mhimili ukifika pa kugeuka, badala ya kukwama, ulikuwa unarushwa. Namba hazikubadilika kwa sababu namba hazikuwa na kosa. Kilichobadilika ni mashine.

Nikampigia Muthoni nikamwambia nataka kupangusa reli.

"Utapangusa mafuta ya mama?"

"Mwenyekiti, ni mashine."

"Najua ni mashine. Yeye alijua inaenda kumwandika Igoki. Kwetu kitu kinachoenda kufanya kazi kubwa hupakwa. Sasa nikamwambie nini, kwamba Injinia amefuta?"

Chakula cha mchana hakijashuka, wote wawili wako mlangoni. Cucu akiwa mbele.

"Nimesikia mafuta yangu yamekushinda."

"Hayajanishinda, cucu. Yameifanya mashine iwe na haraka."

"Na hiyo ni ubaya? Mimi nilidhani kazi yako ni kuifanya iende."

Kina mama wawili waliowasindikiza wakacheka hadi wakashikana mabega. Hata Mzee Njeru, aliyenisaliti, alikuwa anacheka.

Nikakaa nikafikiri, sasa bila aibu. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuosha reli zote, kuzifungua na kuzipaka mafuta ya kawaida, kisha kuiendesha mashine mpaka mafuta yasambae, halafu nirudi kwenye namba za Jumatano. Kufungua reli zile si kazi ya mchana mmoja. Nikikosea kuzirudisha, Jumapili imekwenda.

Ya pili, kuiacha mbarika pale na kubadilisha fidia. Hatari yake ni kwamba mbarika haikai ilivyo. Joto likipanda inalainika, na ikikaa siku nyingi hewani inakuwa kama gundi. Fidia nitakayoipata ni ya leo tu, na pengine ya saa chache.

Nilijiuliza kama nachagua ya pili kwa sababu za ufundi au kwa sababu namwogopa bibi wa watu. Nikapima ili nijue. Nikapunguza msukumo wa ziada, nikachonga O. Meno yakapungua. Nikapunguza tena, yakaisha. Nikachonga nyingine na nyingine bila kugusa kitu, nikiangalia kama zinatofautiana. Zilikuwa ndugu. Kusema kweli zilikuwa safi kuliko za Jumatano, maana msuguano ukiwa mdogo hata kosa la kuukadiria linakuwa dogo.

Cucu akazipitia zote kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Mbuzi ameenda," akasema. "Chonga, mwari wakwa."

Mwari wakwa ni binti yangu. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kitu kingine zaidi ya Injinia.

Tukafunua bamba. Nikaamua kuchonga kila kitu mfululizo, bila kusimama, kabla hali ya mafuta haijageuka. Nikaanza na jina la Igoki, ingawa kwenye mpango lilikuwa katikati. Niliona kama kuna jina moja litakalopata mashine ikiwa katika hali niliyoipima, ni lile.

Muthoni aliomba macho yakiwa wazi. Mzee Njeru alishika swichi ya kuzima, ingawa sikumwomba. Mashine ikashuka, maji yakatiririka, I ikapita, G ikapita. Kwenye O nikahesabu pande. Juu. Kushoto. Chini. Kulia. Ikafunga duara ikaondoka kuelekea K, kama kitu kisicho na habari.

Mengine yakafuata. Kufikia neno MTARO, lililokuwa la mwisho, jua lilikuwa limeyapiga mabati muda mrefu na karakana imekuwa tanuri. Kwenye mkunjo wa R nikaona kwenye skrini mhimili unatangulia kidogo. Nikapunguza fidia hapohapo, ila R ilikuwa imeshapata kijino. Ukitumia jicho hukioni.

Jumapili kule juu watu walijaa. Kitambaa kikatolewa, nyimbo zikaimbwa, Cucu Rwamba akasogezwa kwenye jiwe. Akaanza na maneno ya juu. Kwenye R akasimama.

Nikasogea. "Hiyo ni yangu, cucu. Joto lilipanda."

"Iache," akasema. "Hata mtaro haukunyooka."

Halafu Muthoni akamwelekeza mkono kwenye jina. Alilipitia polepole. Alipofika kwenye O alizunguka mara kadhaa, kama mtu anayefuta ukingo wa sufuria. Tulingoja maneno makubwa.

"Injinia!" akaita. "Masikio umeyapeleka wapi? Mrudishie mwenyewe, asije akakushtaki."

Watu walicheka mbele ya jiwe la ukumbusho, na mchungaji akashindwa kujua kama aombe au angoje.

Wiki iliyofuata nilifungua reli zote nikaosha mbarika, maana ilikuwa imeanza kunata. Nikamshawishi Mzee Njeru tununue mafuta mazuri ya reli. Alilalamika, akanunua.

Nilichojifunza, kwa wale mnaorukia mwisho: msuguano si namba unayoiandika mara moja ukaondoka. Ni hali ya mashine siku hiyo, na joto hilo, na mafuta hayo. Kabla ya kazi isiyorudiwa, pima upya, hata kama jana ulipigiwa makofi. Na jambo la pili ni langu binafsi. Nilihoji umeme, nyaya, kikatio na hesabu. Watu niliwauliza mwisho, kwa sababu wao walikuwa wameshachoka kuulizwa nami.

Wenye uzoefu wa servo kwenye reli za kuteleza, njooni mseme mnaweka fidia kwa kubahatisha kama mimi au mna njia ya mashine kujirekebisha yenyewe. Na wale wa Embu na Meru ambao cucu zenu walichimba, andikeni majina hapa chini, mimi nasoma yote.

La mwisho, nililolijua muda mrefu baadaye, Cucu Rwamba akiwa ameshafariki. Muthoni alipita karakana akanisimulia akiwa amesimama tu, anangoja stakabadhi. Kwenye mtaro kila mwanamke alipimiwa kipande chake cha siku kwa fimbo, na ambaye hakumaliza aliadhibiwa. Siku Muthoni alipozaliwa, mama yake alishikwa na uchungu palepale, akajificha kwenye majani. Igoki alimaliza kipande chake, akaingia kwenye kile cha Rwamba, na ukuta wa udongo ukamwangukia humo.